Maonyo Niliyoyazima

Kaka yangu alikufa akiwa hanisemeshi. Watu wakisikia hivyo hudhani tuligombea mwanamke au kipande cha shamba, lakini sisi tuligombana kwa sababu ya jina langu kuwa kwenye karatasi yake.

Tulipoingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Kivu ya Kusini tuliandikishwa kwenye faili moja, au dosye kama tunavyosema sisi: yeye mkuu wa familia, mke wake, watoto wao, na mimi chini kabisa, mdogo wake. Baada ya muda zikaanza zile habari zinazozunguka kambini kila msimu, kwamba dosye nyembamba ndiyo inayotembea, kwamba mtu wa peke yake huitwa upesi kwenda kuishi ng'ambo na familia kubwa huozea hapa. Nilizisikia nikaziamini, maana nilitaka kuziamini. Nikaenda ofisini kimya kimya nikaomba nitenganishwe. Kaka alikuja kujua siku ya kugawa chakula, karani aliposoma majina ya kadi yake mbele ya foleni nzima na langu halikutajwa. Alifikiri karani ameruka mstari, akamwomba asome tena.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikuta godoro langu nje, limekunjwa vizuri, shuka zimewekwa juu yake.

"Umejitosha kwa dosye," aliniambia, yaani nimejitoa. "Basi ujitoshe na kwa nyumba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Mtaka yote hukosa yote, husema watu. Mimi wala sikutaka yote, nilitaka kuondoka tu, na nilikosa vilevile. Dosye yangu nyembamba iko pale pale mpaka leo.

Nilihamia Mbarara, kwa sajini mmoja mstaafu aliyekuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano jeshini. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, televisheni na kompyuta karibu na ukuta wa kambi ya askari, na wateja wake wengi walikuwa wake za askari wanaoleta simu zilizoanguka kwenye beseni la kufulia. Sote tulimwita afande, hata wale waliomdai. Nilikaa naye miaka kadhaa nikichomea waya na kusafisha vumbi la watu, na kila mara mtu kutoka Nakivale alipopita nilimuuliza habari za kaka kana kwamba nauliza habari za mvua. Kwenda mwenyewe sikwenda. Nilikuwa nasubiri aniite, na yeye, nafikiri, alikuwa anasubiri niende.

Sasa lazima nieleze mashine yake, vinginevyo haya mengine hayataeleweka.

Kaka alikuwa fundi kuliko mimi, nasema hivyo bila wivu, ingawa zamani wivu ulikuwepo. Kabla hatujagombana alinunua kwa afande huyo huyo kompyuta ya zamani yenye kadi ya sauti ya matundu manane, mabaki ya studio iliyofungwa. Aliitaka kwa ajili ya kwaya ya kanisa letu: kila mwimbaji na maikrofoni yake, kila sauti mahali pake. Tatizo ni kwamba hakuna mfumo wa kompyuta wa siku hizi unaoijua ile kadi. Kwa hiyo alichukua Linux ya zamani sana, ya wakati kadi ile bado inauzwa dukani, akaandika upya sehemu ya kiini chake.

Kiini ni ile programu ya ndani kabisa, inayozungumza na vyuma vyenyewe: diski, kadi, kibodi. Programu nyingine zote huomba kwake. Mtu hukiandika kwa maneno yanayosomeka, kisha kompaila huyasaga maneno hayo yawe namba ambazo mashine inaweza kumeza, kama vile muhogo mkavu usivyoliwa mpaka upitie mashine ya kusaga. Kaka alikiandika kiini chake kwa namna yake. Zile sauti nane alizisuka pamoja juu ya diski, ukindu baada ya ukindu kama mkeka, bila majina ya faili ambayo kompyuta nyingine ingeyaelewa. Ukiichomeka diski ile kwenye kompyuta yoyote nyingine, utaambiwa ni tupu. Nilimwambia wakati ule kwamba huo ni ubishi wa bure, afuate njia inayofuatwa na watu wote. Alinijibu kwamba njia ya watu wote haikumjengea daraja.

Kisha figo zake zikashindwa. Walimleta hospitali Mbarara, na shemeji yangu, mke wake, akanipigia simu. Nilipofika alikuwa na mpira kinywani na hakuweza kusema tena. Aliniangalia kwa muda, akaangalia dari. Nimeugeuza ule mtazamo kichwani mwangu mara nyingi mno, nao haunipi kitu. Siku mbili baadaye tulimrudisha Nakivale tukamzika.

Baada ya mazishi shemeji aliniita pembeni, nyuma ya jiko.

"Shemeki," alisema, "mbele bamupeleke ku hopitali, alikaa ku mashine yake mangaribi moja. Alinitosha inje, akafunga mulango. Alisema neno ya mudogo yake iko mule, atalisikia yeye mwenyewe."

"Ni neno gani?"

"Nimekuambia alinitosha inje."

Katika familia yetu kilio hakiondolewi hivi hivi. Kabla mikeka haijakunjwa, mtu yeyote aliyekuwa na ugomvi na marehemu husimama mbele ya ndugu na kusema namna ulivyokwisha. Kama marehemu aliacha neno, lisemwe, liwe tamu liwe chungu. Anayesamehewa hunyweshwa maji. Anayelaumiwa hubeba lawama yake, na ndugu wanajua namna ya kuishi naye tangu siku hiyo. Ugomvi ukibaki bila kusemwa, wazee wetu husema kilio kimeondolewa uani tu, ndani bado kimelala. Mimi nilikuwa na neno langu, na neno lilikuwa ndani ya diski.

Mashine yenyewe iliuawa na upendo. Wiki ya pili ya kilio waimbaji walitaka kusikia nyimbo walizorekodi naye, wakaiunganisha kwenye jenereta ya kanisa. Jenereta ikaruka, ikaunguza kila kitu ndani pamoja na ile diski ndogo iliyokuwa na kiini kilicho tayari. Diski kubwa ya sauti ilikuwa salama. Salama pia ilikuwa flashi moja ambayo shemeji aliihifadhi ndani ya Biblia: maandishi ya kiini, yale yanayosomeka, kama kaka alivyoyaandika. Muhogo ulikuwepo, unga haukuwepo. Kilichotakiwa ni kusaga upya.

Niliifunga diski kwenye kitenge cha shemeji nikaipakata garini toka kambini, tukapita Kaberebere, mpaka Mbarara. Ilikuwa Jumatano. Siku ya kuondoa kilio ilikuwa Jumapili.

Afande aliigeuza ile flashi mkononi, akasoma maandishi kidogo kwenye kompyuta yangu, akavua miwani.

"Hii kitu ni mzee," alisema. "Hapana pikia mzee na jiko ya vijana. Wewe iko na kompaila ya juzi. Hii nataka kompaila ya wakati yake. Mimi iko nayo, kwa CD, lakini CD iko kwa nyumba, kule Biharwe."

"Naweza kwenda kuichukua leo, afande."

"Nyumba nafungwa na ufunguo iko na mimi, na mimi nakwenda Masha sasa hivi. Ng'ombe yangu nazaa vibaya. Ngoja mpaka Jumamosi asubuhi. Na hiyo diski, sebo, hapana gusa mpaka tufanye kopi. Kale?"

"Sawa, afande," nilisema.

Akaenda zake. Nami ningengoja. Muda ulikuwepo: Jumamosi asubuhi kusaga, mchana kusikiliza, Jumapili kusimama mbele ya ndugu. Watu nilipowaeleza baadaye niliwaambia nilikuwa na haraka kwa sababu ya kilio, na huo ni uongo. Nilikuwa na hofu. Afande akiwepo, angesikia neno la kaka pamoja nami, maana anajua Kiswahili chetu vizuri kuliko anavyojifanya. Na kama lilikuwa laana je? Nilitaka kulisikia peke yangu kwanza. Ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kutazama, nilikuwa nimeshafikiri kwamba kama ni baya mno ningeweza kusema sikulikuta.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, paredi ya askari ikiendelea upande wa pili wa ukuta, nilianza kusaga kiini cha zamani kwa kompaila mpya.

Kilikataa mlangoni. Kiini kile kilipoandikwa, kompaila ilikuwa kwenye toleo la nne, na humo ndani mliwekwa faili dogo la utambulisho lenye namba hiyo. Kompaila yangu ilipojitaja namba yake kubwa, kiini kilitafuta faili la namba ile, hakikuliona, kikasimama. Dawa yake ni ya kihuni na mafundi wote wanaijua: unanakili faili la toleo la nne, unalibandika namba mpya, basi. Nilicheka peke yangu. Mkimbizi gani asiyejua kubadilisha karatasi ili mlango ufunguke.

Kikaingia hatua chache kikakwama tena, safari hii kwenye namna ya kuuliza iliyokuwa halali zamani na sasa imepigwa marufuku. Nikafuta neno moja. Kikakwama karibu na mwisho kwa sababu kitu kimoja kimetajwa mara mbili katika mafaili mawili. Kompaila za zamani zilivumilia hilo, ya sasa haivumilii. Nikarekebisha. Kila kizuizi nilichokivuka kilinipa kiburi kidogo. Nilijiona kama ninazungumza na kaka kwa lugha yake, nikimwonyesha kwamba hata mimi naweza.

Na katika kuzunguka humo nilikuta maneno yake. Fundi anapoandika huweka maelezo pembeni, ya kusomwa na watu tu. Kompaila huyatupa bila kuyaangalia. Maelezo ya kaka yalikuwa kwa Kiswahili chetu na Kifaransa kidogo. "Hapa nilipoteza siku tatu." "Hii haiko mzuri lakini inatembea." "Mungu anisaidie na hii kadi." Nilisoma machache nikaacha. Nilikuwa nalia na kazi ilikuwa bado. Laiti ningeyasoma yote.

Yakabaki maonyo. Kompaila ina aina mbili za kulalamika. Kuna kosa, ambalo huisimamisha kazi, na kuna onyo, ambalo haliisimamishi. Linakuambia tu, mzee, mimi nasaga, lakini hapa nina wasiwasi. Kiini cha zamani mbele ya kompaila mpya hutoa maonyo kama mahindi yanayoruka kwenye chungu. Mamia, kisha mamia mengine, skrini nzima inakimbia. Karibu yote ni ya upuuzi, na kila fundi atakuambia hivyo. Yalinichosha macho nikashindwa kuona kama kazi inaendelea. Kuna herufi moja unaiweka kwenye amri na kompaila inanyamaza kabisa. Niliiweka. Skrini ikatulia, nikaenda kunywa chai. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi langu nililiziba kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliporudi kiini kilikuwa tayari. Nikakipandisha kwenye kompyuta kuukuu ya kibandani, nikachomeka diski ya kaka, nikachomeka na flashi tupu ili kila kitakachosomwa kinakiliwe humo. Kopi ya diski yenyewe sikufanya. Hatukuwa na diski nyingine kubwa vile hapo kibandani, na kuazima kungenibidi nieleze ni ya nini. Nikawasha.

Ilikubali. Maandishi meupe yalishuka kwenye skrini nyeusi, kisha ukaja mstari ambao kaka aliuandika mwenyewe ili kiini kiutoe kila kinapoifungua diski: "Shalom. Disque iko tayari." Niliweka kichwa mezani kidogo. Kisha nikaomba orodha, ikaja: nyimbo za kwaya, moja baada ya nyingine, za miaka yote ambayo sikuwepo. Ya mwisho kabisa ilikuwa imeandikwa "Ya mudogo".

Nikaifungua. Alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti iliyochoka lakini yake kabisa, "Mudogo yangu."

Halafu kukaja mchakacho, kama mvua juu ya bati, na taa ya diski ikawaka bila kupepesa. Nilidhani ni kadi. Nilidhani sauti itarudi. Nilisubiri kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, labda mbili, nikiitazama ile taa na kujiambia kwamba angalau mashine inafanya kazi kwa bidii. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kweli. Ilikuwa inaandika. Nilipoelewa nilirukia waya ukutani nikaung'oa.

Afande ndiye aliyenionyesha baadaye kilichotokea, na nitakisema kwa ufupi. Kiini cha kaka kila kinaposoma huandika pia, alama ndogo tu ya mahali kilipofikia. Kwa hiyo kaka aliweka mlinzi: kabla ya kuandika, piga hesabu, na hesabu ikizunguka kupita ukubwa wake ikarudi kuwa ndogo, simama. Kwa kompaila ya zamani mlinzi huyo alikuwa halali na alisimama mlangoni miaka yote. Kompaila mpya ina sheria zake. Iliitazama ile hesabu, ikajiambia kwamba namba ukiiongeza haiwezi kuwa ndogo, kwamba jambo hili haliwezi kutokea kamwe, basi mlinzi wa jambo lisilotokea ni wa nini? Ikamwondoa. Haikukosea kwa sheria zake. Na kabla ya kumwondoa ilisema. Nilipoiondoa ile herufi ya kunyamazisha na kusaga tena, nililiona onyo lenyewe katikati ya yale mamia, mstari mmoja, na namba ya mahali pake. Nikaenda mahali hapo. Juu ya mlinzi kaka alikuwa ameandika, "Usitoshe hii. Bila hii inakula diski."

Maneno ya watu tu. Kompaila huyatupa.

Kuandika kulianzia kwenye rekodi ile ile iliyokuwa wazi, yangu, kukaendelea mpaka mwisho wa diski, kukarudi mwanzo. Ijumaa yote nilijaribu kila ninachokijua. Palipoandikwa juu yake palikuwa pameandikwa juu yake, maji yaliyomwagika hayazoleki. Kwenye flashi mlikuwa na kikohozi na maneno mawili, sekunde nne.

Jumamosi afande alirudi na kisanduku chake cha CD na harufu ya zizi. Nilimwambia. Nilitegemea anigombeze kijeshi, na nadhani nilitaka hivyo.

"Ng'ombe nakufa," alisema baada ya kukaa. "Ndama iko mzima." Kisha: "Mimi nilisema ngoja."

"Ndiyo, afande."

"Wewe naogopa yeye nasema nini."

Akafungua kisanduku. Tulifanya kopi kwanza, kwenye diski aliyoiazima kwa jirani yake ndani ya dakika kumi bila kueleza chochote, maana hakuna aliyemuuliza. Akapandisha mfumo wa zamani pamoja na kompaila yake ya zamani, akasaga maandishi yale yale ya kaka, neno kwa neno, bila kubadilisha kitu. Maonyo yalitoka matatu, akayasoma yote kwa kidole. Kabla ya saa sita mchana kwaya ilikuwa inaimba kibandani. Nyimbo za mwanzo zilikuwa zimekwenda, na ya mwisho imekwenda, lakini zote za katikati zilitoka safi, kila sauti mahali pake, mpaka wake za askari wakasimama mlangoni na simu zao mbovu mkononi kusikiliza. Mimi nilitoka nje. Sikuweza kukaa karibu na kitu kilichotii kwa urahisi namna ile.

Jumapili baada ya ibada ndugu walikusanyika uani kwa kaka, chini ya turubai. Baba yetu mdogo ndiye aliyesimamia. Alisali, akataja jina la marehemu, kisha akanigeukia.

"Mutoto wetu, yaya yako, mukubwa yako, alikuachia neno. Utuambie."

Nikasimama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa, hata sauti yake nilikuwa nimeipanga: alisema amenisamehe. Ningenyweshwa maji, wangepiga makofi, na nani angenikatalia? Niliwatazama watoto wake wamekaa kwenye mkeka wakisubiri wasikie baba yao alisema nini, nikashindwa.

"Alisema 'mudogo yangu'," niliwaambia. "Yenye yalifuata niliyafuta mimi. Niliambiwa ningoje, sikungoja. Sijui kama alinisamehe. Hakuna mutu atajua."

Baba mdogo aliangalia kikombe cha maji kilichokuwa kimeandaliwa, akakichukua, akakishika, akakirudisha chini. Hakuwa na namna. Desturi yetu ina maji kwa anayesamehewa na mzigo kwa anayelaumiwa. Kwa mtu kama mimi haina kitu. Akasali sala fupi, mikeka ikakunjwa, watu wakala. Nyimbo za katikati zikapigwa na waimbaji wakalia, nao walinishukuru, wakanishika mkono mmoja mmoja, na kila mkono ulinichoma.

Watu walipopungua nilikaa peke yangu kwenye benchi kando ya nyumba. Shemeji alikuja akijifuta mikono kwa kitenge, akaketi karibu nami. Tangu nilipochukua diski hakuwahi kunipigia hata simu moja kuuliza nimefika wapi. Nilidhani ananichukia. Nilianza kumwomba msamaha na yeye akanikatiza.

"Kale kadogo kenye kalibakia," alisema, "uko nako?"

Nilikuwa nako kwenye simu. Nikamwekea sikioni, lakini akanishusha mkono, akataka kuisikia hewani. Nikabonyeza. Kaka akakohoa, akasema, "Mudogo yangu," ikaisha.

Shemeji alifumba macho.

"Anzisha tena."

Nikaanzisha tena. Akakohoa. Akasema. Ikaisha.

"Siku zote alikuwa anakohoa vile mbele ya kusema," alisema, akiwa bado amefumba macho. "Hata kama ni kuomba chumvi. Mi sikuwa nafwata neno, shemeki. Neno ilikuwa yako. Mi nilitaka nisikie tu vile anakohoa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba katika wiki ile yote, na kabla yake, sikumuuliza hata mara moja yeye anataka nini kutoka kwenye diski ile. Nilibeba sauti ya mume wake kwenye kitenge chake mpaka Mbarara, nikaifungua kwa ajili yangu, nikaiharibu kwa ajili yangu, na mpaka dakika ile nilikuwa nalia kwa ajili yangu.

"Anzisha tena," alisema.

Tulikaa pale mpaka simu ikaanza kulalamika kwamba chaji inakwisha. Yeye alikuwa anasikiliza kikohozi, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyefika nyumbani. Mimi kila mara nilijua sekunde ni nne tu, na kila mara, baada ya "mudogo yangu", nilinyamaza na kungoja aendelee.